Sampuli 24 za mtama wa Dodoma: nichambulie wapi jenomu, na je, data niziweke wazi?

Ihumwa_Mtama aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, wakubwa wangu shikamooni, na wenzangu poleni na kazi.

Ninasoma shahada ya uzamili hapa Dodoma, na utafiti wangu unahusu mtama unaolimwa na wakulima wadogo wa Chamwino, Bahi na Kongwa. Msimu uliopita nilipita kijiji kwa kijiji nikiomba mbegu kwa wakulima 24, nyingi zikiwa za mtama wa kienyeji ambao wenyeji huuita lugugu, nikazipanda kwenye makopo, nikatoa DNA kwenye majani machanga, kisha DNA hiyo ikapelekwa nje ya nchi kusomwa. Kampuni iliyoisoma imenitumia kiungo cha kupakulia mafaili 48, yaani mawili kwa kila sampuli, yenye jumla ya gigabaiti 118, pamoja na onyo kwamba kiungo hicho kitafungwa baada ya siku 30.

Leo ni siku ya 21. Kompyuta mpakato yangu ina RAM ya gigabaiti 8, na intaneti ninayoitegemea ni bando la usiku. Faili la kwanza lilikatika mara nne. Usiku wa tano lilifika lote, nikafurahi, lakini nilipolinganisha namba yake ya uhakiki, ile ya md5, na namba iliyotumwa na kampuni, hazikufanana, kwa hiyo faili liliharibika njiani na mabando matano yamekwenda na maji. Kwa mwendo huu, siku tisa zilizobaki hazitoshi hata kwa sampuli moja.

Ninaomba mwongozo. Je, kuna mahali mtandaoni ambapo mtu asiye na seva anaweza kufanya uchambuzi wa namna hii bila malipo? Na jenomu rejea ya mtama, yaani ile DNA kamili ya kulinganishia, niichukue wapi, maana nimekuta matoleo kadhaa katika tovuti tofauti na hata majina ya kromosomu hayafanani? Shabaha yangu ni kutafuta dalili za kinga dhidi ya kiduha, lile gugu linalonyonya mizizi ya mtama, kwa kuwa wakulima wote 24 walikitaja kabla hata ya kuitaja mvua.

Jambo la tatu ndilo linaloninyima usingizi. Msimamizi wangu anataka data zote ziwekwe kwenye hazina ya kimataifa iliyo wazi, ilhali mwenzangu wa maabara ananionya kwamba nikifanya hivyo, watu wenye seva kubwa na wanafunzi kumi watachapisha matokeo yangu kabla sijamaliza sura ya pili. Tena kuna bibi mmoja wa Chamwino ambaye, alipokuwa akinijazia mbegu kwenye kikombe, aliniuliza swali moja tu: "Sasa mjukuu wangu, mnaipeleka wapi?" Nilimwambia naipeleka maabara. Sikumdanganya, lakini sidhani kama nilimjibu.

Fundi_wa_Vipande alijibu:

Marahaba, mdogo wangu. La kwanza ni kuacha kupakua, na uache leo hii.

Kosa lako ni lile tulilolifanya sote tulipoanza, yaani kudhani kwamba data lazima zifike mezani kwako ndipo kazi ianze. Gigabaiti 118 hazina sababu yoyote ya kupita Dodoma. Ziko kwenye seva ya kampuni, na zinachotakiwa kufanya ni kuhama kutoka seva hiyo kwenda seva nyingine yenye nguvu ya kuzichambua, wewe ukiwa mtu wa kutoa maagizo kwa kivinjari cha kawaida, hata kwa simu ikibidi.

Fungua akaunti kwenye Galaxy. Huu ni mradi wa ushirika ulioanza mwaka 2005 katika chuo kikuu cha Penn State huko Marekani, na sasa unaendeshwa na watu wa taasisi nyingi. Seva zake kubwa za umma ziko Marekani, Ujerumani katika mji wa Freiburg, na Australia, na hazitozi chochote. Mtumiaji aliyejisajili kwenye ile ya Marekani au ya Ulaya hupewa nafasi ya gigabaiti 250. Kwenye sehemu ya kupakia data kuna kisanduku cha kubandika viungo: bandika viungo vyako vyote 48, bonyeza kuanza, kisha funga kompyuta ukalale. Seva yao itakwenda yenyewe kwenye seva ya kampuni na kuchukua mzigo. Kazi uliyoihangaikia usiku mitano kwa faili moja itafanyika kwa saa chache kwa mafaili yote, kwa sababu njia kati ya seva hizo ni pana. Ikiwa kiungo chako kinadai nywila au hakielekei moja kwa moja kwenye faili, iandikie kampuni leo, uombe viungo vya moja kwa moja na nyongeza ya siku. Mara nyingi hukubali, maana nao hawapendi kusoma sampuli upya.

Zikishafika, hakiki md5 ya kila faili humohumo kwenye Galaxy kabla ya kufanya lolote. Baada ya hapo mwendo ni ule wa siku zote: FastQC kuangalia ubora wa usomaji, fastp kukata ncha mbovu, BWA-MEM kupanga vipande vya DNA vilivyosomwa juu ya jenomu rejea, na FreeBayes kutafuta mahali ambapo mtama wako unatofautiana na ule wa rejea. Ukikwama, mtandao wa mafunzo wa Galaxy una masomo ya bure yanayokupitisha hatua kwa hatua, yakiwa na data ndogo za kufanyia mazoezi. Fanya somo moja zima kwa data zao kabla ya kugusa zako.

Ila usijaribu kuchambua sampuli zote 24 kwa pamoja. Mafaili ya kati, hasa yale ya vipande vilivyokwisha kupangwa, yanaweza kuwa makubwa kama data ghafi zenyewe, kwa hiyo nafasi ya gigabaiti 250 itajaa ukiwa sampuli ya kumi na kitu na kazi zote zitasimama. Nenda nne nne. Kila kundi likikamilika, hifadhi matokeo, kisha futa mafaili ya kati, na ukumbuke kwamba kwenye Galaxy kufuta ni kwa hatua mbili: ukifuta mara moja faili linaondoka machoni lakini bado linahesabiwa kwenye nafasi yako, mpaka uagize lifutwe kabisa. Nimewahi kumwona mwanafunzi akilia kwa jambo hilo, na sisemi kwa mfano.

Sasa kuhusu rejea. Jenomu ya mtama ilichapishwa mara ya kwanza mwaka 2009, ikitokana na mstari wa mbegu uitwao BTx623, na ina herufi za DNA takriban milioni 730 katika kromosomu 10. Hiyo ni bahati kwetu, kwa kuwa wenzetu wa uwele wanapambana na jenomu ya herufi zipatazo bilioni 1.8. Toleo lililotumika sana ni la tatu. Utalipata kwenye hazina tatu za jenomu mtandaoni, NCBI, Ensembl Plants na Phytozome, na hapo ndipo mkanganyiko wako ulipoanzia: kromosomu ileile NCBI huiita kwa namba ya usajili inayoanza na NC, Ensembl huiita 1, na Phytozome huiita Chr01. Ukichukua mfuatano wa DNA mahali pamoja na orodha ya jeni mahali pengine, programu haitakulalamikia, itakurudishia tu jedwali tupu, nawe utadhani mtama wako hauna jeni. Chagua nyumba moja, uchukue kila kitu humo. Mimi kwa mtama hutumia Phytozome, lakini kabla ya kutumia jenomu yoyote iliyomo humo soma masharti yake, kwa sababu baadhi huwekwa kabla ya kuchapishwa na wenyewe huomba wasitanguliwe. Baadaye pitia pia SorghumBase, ambako kumekusanywa jenomu za mistari mingi ya mtama na si BTx623 peke yake.

Kiduha nitakirudia nikipata nafasi, maana hapo kuna jambo zuri.

Maabara_ya_Mbu alijibu:

Nimefurahi kuona swali la tatu limeulizwa waziwazi, maana wengi huliuliza chini chini kwenye korido.

Mimi niko upande wa malaria, na hofu ya mwenzako naielewa kwa sababu tuliishi nayo. Kundi tulilokuwa nalo liliamua kuficha data zake kwenye diski mbili za nje mpaka makala itoke. Diski ya kwanza iliibwa ndani ya begi kwenye basi. Ya pili ilikaa kwenye droo miaka miwili, na siku ilipochomekwa ikatoa mlio kama wa kijiko kwenye sufuria, na huo ukawa mwisho wake. Hakuna mtu wa nje aliyetutangulia kuchapisha. Hatukuchapisha wenyewe.

Ukweli ni kwamba utaratibu wa kuweka data wazi na utaratibu wa kumlinda aliyezizalisha vilikua pamoja. Mwaka 1996 watafiti wa jenomu ya binadamu walikutana Bermuda wakakubaliana kwamba mfuatano utolewe hadharani ndani ya saa 24, na bila makubaliano hayo kampuni binafsi zingeweza kuuhodhi. Mwaka 2003, katika mkutano wa Fort Lauderdale, kikaongezwa kile ambacho mwenzako hakitaji: kwamba watumiaji wa data hizo nao wana wajibu wa kumwachia mzalishaji nafasi ya kuchapisha uchambuzi wake mkuu kwanza. Hilo si sheria ya polisi, ni adabu ya taaluma, na wapo wanaoivunja. Ndiyo maana hazina zenyewe zimeweka kufuli. Ukiwasilisha data ENA, hazina ya Ulaya iliyoko Hinxton, Uingereza, unaweza kuagiza zikae zimefungwa hadi miaka miwili huku ukiwa umekwisha kupata namba za usajili za kuandika kwenye tasnifu. Siku ukifungua, zitaonekana pia NCBI ya Marekani na DDBJ ya Japani, kwa sababu hazina hizo tatu hubadilishana data kila siku. Wasilisha mara moja tu, wala usirudie kwingine.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: wasilisha sasa, funga kwa muda utakaotosha kumaliza tasnifu, kisha fungua. Msimamizi wako atapata anachotaka, mwenzako atapoa, na diski yako ikifa utapakua upya data zako mwenyewe kutoka Hinxton, jambo ambalo nimelifanya mara mbili bila aibu.

Ungekuwa unashughulika na DNA ya watu ningesema tofauti kabisa. Data za binadamu hazimwagwi hivi. Mradi wa H3Africa, uliofadhiliwa na taasisi ya afya ya Marekani na mfuko wa Wellcome wa Uingereza kati ya 2012 na 2022, uliziweka kwenye hazina yenye mlango, ambapo mwombaji hujieleza mbele ya kamati kabla ya kupewa. Na hapa kwetu kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 pamoja na kibali cha maadili. Lakini mradi huohuo ulionyesha tunachokosa tukijificha: mwaka 2020 walichapisha jenomu za watu 426 kutoka makundi 50 ya lugha barani Afrika na kukuta tofauti zaidi ya milioni 3 ambazo hazikuwa kwenye kumbukumbu za dunia. Mtama wa Afrika nao haujasomwa vya kutosha ukilinganisha na umri wake hapa.

Ukitaka kuona ushirika wa data ulivyo ukikomaa, tazama MalariaGEN, ulioanza mwaka 2005. Toleo lao la saba la vimelea vya malaria lina sampuli zaidi ya 20,000 kutoka nchi 33, Tanzania ikiwemo, na mwanafunzi anaweza kuzichambua ndani ya kivinjari bila kupakua chochote. Kila kundi lililochangia sampuli limetajwa mahali pake. Ninyi watu wa mazao mngeiga hilo.

Afisa_Mbegu aliandika:

Wenzangu mmeeleza vizuri habari za seva, lakini mmeruka kizingiti. Ninaomba kumuuliza kijana wetu: DNA ilipotoka nje ya nchi, kulikuwa na mkataba wa kuhamisha sampuli? Kibali cha utafiti cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, kinataja kwamba sampuli zitasomwa nje? Ikiwa majibu yote ni ndiyo, endelea. Ikiwa moja ni hapana, lirekebishe kabla ya kuweka hata faili moja mahali popote, kwa sababu siku data zitakapofunguliwa zitakuwa na jina lako na tarehe, na kila mtu ataona mwaka uliozitoa.

Watu husema mtama uko kwenye orodha ya mazao ya Mkataba wa Kimataifa wa Rasilimali za Vinasaba vya Mimea, kwa hiyo unatembea huru. Si sahihi moja kwa moja. Utaratibu ule unahusu hasa mbegu zilizo chini ya usimamizi wa umma, kama zile za benki za mbegu, na mbegu iliyomo kwenye kihenge cha mkulima haiingii humo kwa sababu tu ni mtama. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 ilikuja kushughulikia mambo kama hayo, yaani ridhaa ya mwenye mali na mgawanyo wa manufaa. Kuhusu mfuatano uliokwisha kuwa herufi kwenye kompyuta, nchi zilikubaliana Montreal mwaka 2022 kuunda utaratibu wa pamoja wa kugawana manufaa yake, na Cali mwaka 2024 zikaanzisha mfuko wa kuupokea mchango wa kampuni zinazonufaika. Bado ni changa, na mimi binafsi sitegemei kwamba fedha hizo zitafika Chamwino upesi.

Kinachoweza kufika upesi ni jina la mahali. Hazina hizo tatu sasa zinataka nchi na tarehe ya kukusanywa kwa kila sampuli mpya. Wengi huandika "Tanzania" na mwaka, basi. Hiyo ni sawa na kuandika "mtama" kwenye gunia na kulitupa ghalani. Andika wilaya, kata, jina la kienyeji la mbegu kama mkulima alivyolitamka, rangi ya punje, na mkulima aliipata wapi. Viwianishi vya ramani viwe vya katikati ya kijiji, visiwe vya nyumba ya mtu. Jina la mkulima lisiingie kabisa kwenye hazina ya wazi isipokuwa ameomba mwenyewe, lakini libaki kwenye daftari lako, kwa sababu una deni la kumrudia.

Na yule bibi anastahili jibu. Akiuliza tena mwambie: mbegu imebaki Dodoma, maandishi yake yamekwenda Ulaya, na yeyote duniani ataweza kuyasoma. Kisha mnyamaze wote wawili, umsikilize atakavyosema.

Ihumwa_Mtama alijibu:

Ninawashukuru sana. Nimebandika viungo jana saa mbili usiku, na leo asubuhi mafaili 47 yameshafika na md5 zake zinalingana. Moja limekataa, nimewaandikia kampuni.

Kwa Afisa: mkataba upo, ulisainiwa na chuo, na kibali kinataja usomaji wa nje. Ridhaa za wakulima ninazo kwenye fomu, lakini nimezisoma tena usiku huu na hazisemi popote kwamba data zitakuwa wazi kwa dunia nzima. Zinasema "kwa ajili ya utafiti". Nimemwambia msimamizi, na tumekubaliana nirudi vijijini kabla ya kufungua chochote. Nauli nitaitafuta.

Singida_Kunde aliandika:

Samahani kwa kuingilia mada, ila swali langu ni la ukoo huohuo. Sisi huku tuna njugu mawe na fiwi. Je, nazo zina rejea, au jukwaa hili ni la watu wa mtama tu?

Fundi_wa_Vipande alijibu:

Zinayo, dada, tena zimetangulia nyingi zenye fahari zaidi. Kuna ushirika unaoshughulikia mazao ya Afrika yaliyosahauliwa, makao yake yakiwa Nairobi, ambao ulijiwekea orodha ya mazao na miti 101. Kundi la kwanza la jenomu tano walizotoa lilikuwa na njugu mawe, fiwi, mlonge, mng'ong'o na ule mti ambao vitabu huuita Faidherbia, unaosimama na majani mabichi mashambani kiangazi chote. Yaani ukisimama kwenye shamba moja la Manyoni unaweza kuona nne kati ya tano bila kuhama. Data zake ziko wazi kwenye hazina iitwayo GigaDB. Njugu mawe peke yake inastahili uzi wake hapa, ufungue nami nitakuja.

Sasa kiduha, kama nilivyoahidi.

Mbegu ya kiduha ni ndogo kama vumbi, na inaweza kukaa ardhini zaidi ya miaka kumi ikisubiri. Haioti kwa mvua peke yake. Huota inaponusa kemikali zinazotoka kwenye mizizi ya mtama, na kwa mtama wa kawaida kemikali kuu ni ile iitwayo deoksistrigoli, inayokiamsha kiduha kwa nguvu. Wafugaji wa mbegu waligundua zamani kwamba ipo mistari ya mtama ambayo kiduha hupita kando yake kama hakijaiona, na mwaka 2017 watafiti wakaeleza sababu: mistari hiyo imepoteza jeni moja kwenye kromosomu ya 5, iliyopewa jina LGS1, na kwa kuikosa, mizizi yake hutoa zaidi orobankoli, ambayo huamsha kiduha kwa udhaifu mkubwa. Kinga hapa imetokana na upungufu. Aina za Hakika na Wahi zilizotolewa hapa nchini mwaka 2002 kwa ajili ya maeneo ya kiduha zilitokana na kazi ya kuzalisha mbegu ya Profesa Gebisa Ejeta, Mwethiopia aliyepata Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2009, aliyeshughulika na kinga ya namna hii muda mrefu kabla jeni yenyewe haijajulikana.

Kwa kazi yako hii ina maana moja ya vitendo. Jedwali la FreeBayes halitakuonyesha kinga hiyo vizuri, kwa sababu programu ile hutafuta herufi zilizobadilika, na wewe unatafuta herufi ambazo hazipo. Hapo lazima utumie macho. Fungua vipande vyako vilivyopangwa kwa IGV au JBrowse, ambazo ni programu za kutazamia jenomu, tafuta jeni yenye namba Sobic.005G213600, kisha kuza picha taratibu. BTx623 anayo jeni hiyo nzima. Sampuli isiyo na kinga hii itaonyesha vipande vimelala juu yake mfululizo kama makuti kwenye paa. Sampuli iliyopoteza eneo hilo itaonyesha vipande vikifika ukingoni na kukatika, kisha weupe mtupu, kisha vipande vikianza tena ng'ambo. Katika baadhi ya mistari weupe huo ni wa makumi elfu ya herufi, huwezi kuukosa.

Tahadhari moja: kwa usomaji kama wako, ambapo kila herufi imesomwa wastani wa mara kumi tu, weupe wa herufi mia mbili au tatu unaweza kuwa bahati mbaya tu. Usishangilie weupe mdogo. Na ukipata mkubwa, rudi kwanza kwenye daftari lako la shambani kabla ya kurudi kwa msimamizi.

Ihumwa_Mtama alijibu:

Wakubwa wangu, nimerudi baada ya wiki mbili.

Sampuli 19 zimepangwa. Kumi na nane zina jeni yao nzima, makuti yamelala sawasawa. Moja, ya kutoka Kongwa, ina weupe mpana mahali palepale mlipopataja. Nilitetemeka, nikapiga picha ya skrini, nikaanza kuandika ujumbe kwa msimamizi wenye alama tatu za mshangao. Kisha nikakumbuka maneno ya Fundi, nikafungua daftari.

Kwenye daftari nilikuwa nimeandika: "Punje nyeupe, fupi kuliko za jirani, anasema aliipata kwa shemeji." Kwenye jedwali la sampuli, kwa haraka, nilikuwa nimeijaza "ya kienyeji" kama zingine. Nimempigia mkulima. Ameniulizia kwa shemeji, shemeji akasema aliipata zamani kwenye shamba la maonyesho, mfuko ulikuwa na maandishi lakini hakumbuki yalisemaje. Basi huenda ni Hakika au Wahi iliyozeeka mikononi mwa wakulima, au kizazi chake kilichochanganyika na cha majirani. Nimepakua kutoka hazina ya wazi usomaji wa mistari michache yenye kinga hiyo, bila kuupitisha Dodoma safari hii, niulinganishe nao.

Bibi wa Chamwino nilimfikia Jumamosi. Nilimweleza kama Afisa alivyonielekeza. Alifikiri kidogo, akaniuliza kama hao watakaosoma wataona kwamba mbegu ni ya Chamwino. Nikamwambia wataona wilaya, kata na jina la lugugu, ila jina lake halitakuwemo. Akasema jina lake nalo liwekwe. Sasa nauliza: kwenye fomu ya ENA, jina la mtu aliyetoa mbegu kwa ridhaa yake linaingia safu ipi, na je, fomu mpya ya ridhaa niiandike kwa Kiswahili peke yake au na Kigogo?

Afisa_Mbegu aliandika:

Iandike kwa lugha zote mbili, na yeye asomewe kwa Kigogo mbele ya mjukuu wake au mtu mwingine anayemwamini. Kuhusu safu, fomu inaruhusu kuongeza safu yako mwenyewe, kwa hiyo iite mtoa mbegu, na kwa wale 23 wengine iache wazi mpaka uwafikie. Ile ya Kongwa ondoa neno "ya kienyeji" leo hii, kabla hujasahau, na uandike kwamba asili yake haijathibitika.